Kodi ya kaunsili yangu ina mstari wa "parishi". Mimi Muislamu, kwa nini nilipie kanisa la Waingereza?

#1 MtuWaPangani
Wakuu salaam. Nipo Lincolnshire mwaka wa tatu sasa, naendesha lori. Mwezi Machi imekuja ile bahasha ya kodi ya kaunsili, yaani kodi ya serikali za mitaa huku Uingereza inayolipwa kwa kila nyumba, ya mwaka mzima. Miaka iliyopita nilikuwa naangalia jumla tu na kusonya. Safari hii imepanda, nikakaa chini nikaisoma mstari kwa mstari. Kuna fungu la kaunti, fungu la wilaya, fungu la polisi. Hayo nayaelewa. Chini kabisa kuna mstari wenye jina la kijiji ninachoishi na neno parishi. Pauni 94 na ushee.

Nikafungua kamusi: parishi ni parokia. Parokia! Mimi mtoto wa Pangani, babu yangu alikuwa muadhini. Na hapa kijijini kuna kanisa la mawe lenye mnara, na saa ya mnara imekwama kwenye saa kumi na dakika ishirini tangu nihamie. Nikamuuliza jirani, kaniambia saa hiyo ni ya watu wa parishi. Kwa hiyo nalipia saa ya kanisa, na yenyewe haitembei.

Dai langu: hii ni zaka iliyovalishwa koti la kodi. Wajuzi mje.

#2 Sokwe Mjanja
Saa kumi ya Kiswahili au ya Kizungu? Tujue kabla hatujaendelea.

#3 MtuWaPangani
Mshale mfupi uko kwenye nne. Nimeshakutafsiria. Acha utani Sokwe, ni hela zangu.

#4 KijiweChaJioni
Mimi nipo Barking, London, mwaka wa kumi na moja. Sijawahi kuona huo mstari kwenye kodi yangu hata siku moja. Mkuu umepigwa. Huko mashambani wanajua wageni hamsomi karatasi. Piga simu ugome.

#5 Mwanasheria Njaa
Asigome, ataitwa mahakamani kwa pauni 94. Ngoja niweke sawa.

Neno parishi lilianza kanisani, hapo mleta uzi hujakosea. Zamani kila eneo la kanisa lilikuwa na kikao cha wakubwa wa pale, na kikao hicho hicho ndicho kilichosimamia sadaka, njia, na kuanzia sheria ya 1601 kikatoza kodi ya kuwatunza maskini. Kanisa na serikali vilikaa meza moja. Mbaya zaidi, kwa sheria ya 1818 mwenye mali nyingi alipiga kura hadi sita peke yake. Mwenye shamba kubwa akiinua mkono ni kama wameinua watu sita.

1894 ndio wakakata kamba. Bunge likapitisha Sheria ya Serikali za Mitaa, serikali ya Gladstone ikiwa madarakani, ikaunda mabaraza ya parishi ya kiraia. Mambo ya ibada yakabaki kwa kanisa, mambo ya kijiji yakaenda kwa watu waliochaguliwa. Uchaguzi wa kwanza ukafanyika Desemba mwaka huo huo. Na wanawake, hata walioolewa, waliruhusiwa kugombea, wakati kura ya ubunge hawakuipata mpaka 1918.

Kwa hiyo ile unayolipia ni ngazi ya chini kabisa ya serikali ya Uingereza, upande wa England. Yapo mabaraza kama 10,000. Kanisa lina kamati yake nyingine kabisa, yenye jina linalofanana, na hiyo haina ruhusa ya kukutoza hata senti. Tafsiri ya "parokia" ndiyo iliyokupoteza. Mimi huwa nasema parishi tu, ibaki hivyo.

#6 MtuWaPangani
Asante mkuu. Lakini saa iko kwenye mnara wa kanisa, si kwenye mnara wa Gladstone. Hilo hujalijibu.

#7 BibiKaranga
Kijiwe hapo #4, usimtie mwenzio matatani. Hujauona huo mstari kwa sababu London walinyimwa mabaraza ya parishi tangu sheria ya 1963, wakaruhusiwa tena 2007. Na hadi leo lipo moja tu, Queen's Park kule Westminster, lilianza 2014 baada ya wakazi wenyewe kudai. Miji mikubwa mingi haina. Birmingham kwa mfano, sehemu kubwa ya jiji hakuna, lakini Sutton Coldfield wana lao tangu 2016.

Wala si mambo ya vijiji peke yake. Likitaka, baraza la parishi linapitisha azimio na kujiita baraza la mji, na sheria ni ile ile. Northampton, sehemu kubwa ya mji, watu zaidi ya laki moja, ina baraza la mji ambalo kisheria ni parishi tu. Kumbe kuna parishi nyingine haina hata baraza, ni mkutano wa wanakijiji basi.

#8 KijiweChaJioni
Bibi, asante kwa kunivua nguo hadharani.

#9 Omusajja wa Jinja
Nyinyi Watanzania mnashangaa nini? Sisi Uganda parishi ni kitu cha kila siku. Kijiji, halafu parishi, halafu kaunti ndogo. Chifu wa parishi yupo, anajulikana. Na tangu 2022 kuna ule Mpango wa Maendeleo wa Parishi, kila parishi milioni 100 za Uganda kwa mwaka, watu wakopeshwe wafuge na kulima. Nilipofika huku Reading nikasikia parishi nikaenda kuuliza mkopo wa kuku. Yule mama karani alinitazama.

#10 Sokwe Mjanja
Mkopo wa kuku 😂😂 nimeweka kambi hapa.

#11 KijiweChaJioni
Sawa, tumeelewa si kanisa. Sasa wanafanya nini? Nijuavyo ndio wanaotoa vibali vya ujenzi, wanaziba mashimo ya barabara na kuzoa taka. Kama barabara ya mleta uzi ina mashimo, basi na awadai.

#12 NesiWaKisii
Wueh. Hayo matatu yote si yetu. Nasema "yetu" kwa sababu mimi ni diwani wa parishi, mwaka wa pili sasa, kijiji sitakitaja.

Barabara ni za kaunti. Taka ni za wilaya. Kibali cha ujenzi kinatolewa na wilaya. Sisi tunaletewa ombi, tunatoa maoni, wao wanaamua. Mara nyingi tunakataa kwa kauli moja na nyumba inajengwa. Nimeshakula matusi dukani kwa nyumba ambayo mimi mwenyewe niliipinga.

Yetu ni madogo madogo. Uwanja wa watoto wenye bembea, ukumbi wa kijiji, makaburi, kibanda cha kituo cha basi, viti vya kukaa njiani, taa za vichochoroni, mnara wa kumbukumbu ya vita, vishamba vya kukodi, pipa la mavi ya mbwa. Hilo la mwisho msilicheke. Kikao changu cha kwanza kilianza saa moja na nusu jioni, ukumbini baridi kama friji ya wafu, watu tisa na jagi moja la chai la umeme linalounguruma. Pipa la mbwa lilichukua dakika arubaini. Liwekwe upande huu wa daraja au ule? Nani atalimwaga? Wilaya wanatoza kwa kila safari ya kulimwaga. Mzee mmoja akatoa ramani aliyoichora kwa penseli, yenye alama ya kila mahali alipokanyaga. Alikuwa serious, yaani uso mkavu kabisa. Tukapiga kura, upande wa kushoto ukashinda kwa kura moja. Kura yangu.

Bajeti ya mwaka ilifuata, ikapita kwa dakika nane.

#13 Sokwe Mjanja
Tusimame wote. Mheshimiwa diwani wa pipa la kushoto.

#14 MtuWaPangani
Mheshimiwa shikamoo. Sasa bajeti ya dakika nane ndiyo inayonila pauni 94?

#15 Mtoto wa Kadutu
Bandugu, jambo. Dada Nesi, ulifikaje kwenye hicho kiti na wewe ni Mkenya? Mimi niko huku Sheffield tangu 2009, natokea Bukavu, karatasi zangu ziko sawa, lakini kwenye kura wananiambia hapana.

#16 NesiWaKisii
Ndugu yangu, ni habari ya Jumuiya ya Madola. Sisi wa Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda tumo, kwa hiyo tukiwa na makazi halali huku tunajiandikisha na kupiga kura hata bila uraia wa Uingereza. Kongo na Burundi hamumo. Ndiyo hivyo, si haki lakini ndivyo ilivyo. Ukipata uraia yanakwisha. Na siku ya kura wanataka kitambulisho chenye picha. Mimi nilitoa pasipoti yangu ya Kenya na wakaikubali.

Kiti nilipataje? Sikuchaguliwa. Viti vilikuwa tisa, waliojitokeza kugombea sita, kwa hiyo hao sita wakapita bila kura kupigwa. Vitatu vikabaki, wakabandika tangazo. Nilikwenda kulalamikia taa ya kichochoroni. Mwenyekiti akaniuliza kama ningependa kujaza kiti. Nikatoka nje dakika tano, nikarudi diwani. Mshahara hakuna.

#17 Mwanasheria Njaa
Naongezea kwa Nesi, watu wasije wakaumia. Kupiga kura, raia wa Jumuiya ya Madola anahitaji kibali chochote halali cha kuishi huku, hata cha mwanafunzi. Kugombea ni tofauti: lazima uwe na ukaazi wa kudumu au uwe huhitaji kibali kabisa. Mwanafunzi akapige kura, asichukue fomu.

Masharti mengine ni mepesi. Umri miaka 18. Uwe kwenye daftari la wapiga kura la parishi hiyo, au umeishi humo au ndani ya maili tatu kwa mwaka mzima, au kazi yako kuu imekuwa humo mwaka huo mzima. Dhamana hakuna. Wadhamini wawili tu.

#18 Mtoto wa Kadutu
Aksanti. Rwanda wameingia 2009, mwaka ule ule nimefika huku. Jirani yangu wa Cyangugu anapiga kura, mimi ng'ambo ya mto namtazama.

#19 BibiKaranga
Turudi kwa pauni 94, maana hapo #14 ameuliza na hakuna aliyejibu.

Inavyofanya kazi: baraza linakaa kama Januari, linapanga litatumia kiasi gani, linaiandikia wilaya, "tukusanyieni kiasi hiki". Hati hiyo wanaiita prisepti. Wilaya haina uwezo wa kuikataa wala kuipunguza. Inagawa kwa nyumba kufuata madaraja ya kodi, inakusanya, inawapa. Sasa sikilizeni: kaunti na wilaya zikitaka kupandisha kodi kupita kiwango cha serikali kuu, lazima ziitishe kura ya maoni. Parishi, mpaka sasa, serikali haijaziwekea kiwango hicho. Wanapandisha watakavyo. Mimi hapa nilipo ilipanda kwa zaidi ya robo mwaka mmoja. Mbwa hana mnyororo, ataacha kuuma?

#20 NesiWaKisii
Bibi, sikubaliani. Mnyororo upo, ni aibu. Mimi naonana na walipa kodi kwenye foleni ya mkate.

Inapanda kwa sababu wakubwa wanatushushia mizigo. Wilaya haina hela, inasema kuanzia Aprili hatukati majani ya uwanja, hatufungui vyoo vya umma. Vyoo vikifungwa nani anatukanwa? Sisi. Tunavichukua. Nendeni Cornwall mkaulize vyoo ni vya nani siku hizi. Wilaya haijapunguza kodi yake hata kidogo, ila choo sasa kiko kwenye mstari wetu. Unalipa mara mbili choo kimoja.

#21 KijiweChaJioni
Au ni mshahara wa karani? Kuna jamaa yangu Kent anasema zaidi ya nusu ya hela ya parishi yao inakwenda kwa karani na bima. Majani yenyewe wanakata watu wa kujitolea.

#22 Mwanasheria Njaa
Kijiwe, karani si wa kuandika barua tu. Ndiye mtendaji wa kisheria, na mara nyingi ndiye mshika fedha pia. Diwani mmoja mmoja, hata mwenyekiti, hana mamlaka ya kuagiza hata ndoo. Linaloamua ni baraza likiwa limekaa kihalali, na karani ndiye anayelijua hilo "kihalali".

Maana baraza hili haliwezi kufanya jambo kwa sababu ni zuri tu. Kila matumizi yatafutiwe sheria yake. Vishamba, sheria ya 1908. Mnara wa vita, sheria ya 1923. Vyoo na visima, sheria ya afya ya 1936. Wakikosa kabisa kuna kifungu cha 137 cha sheria ya 1972, mfuko wa "mengineyo", nao una dari: mwaka 2024/25 ilikuwa pauni 10.81 kwa kila mpiga kura aliyeandikishwa. Kijiji cha wapiga kura 600 ni pauni 6,486, mwisho hapo.

Tangu sheria ya 2011 kuna njia ya kutoka kwenye kifungo hicho. Baraza ambalo theluthi mbili ya viti vyake wamechaguliwa, sio kuteuliwa, na karani wake ana cheti, linapata mamlaka ya jumla: linaweza kufanya lolote ambalo mtu binafsi anaruhusiwa kufanya, mradi sheria nyingine haikatazi. Kwa hiyo karani mwenye cheti ni gharama, ndiyo, lakini anafungua mlango.

#23 NesiWaKisii
Kama mmoja wa wale wasiochaguliwa, naomba nisiangaliwe hivyo.

#24 Sokwe Mjanja
Mheshimiwa wewe ndiye sababu kijiji kizima hakina mamlaka ya jumla. Jiuzulu.

#25 NesiWaKisii
Watatu kwa tisa, Sokwe. Sita waliopita bila kupingwa wanahesabiwa wamechaguliwa. Theluthi mbili kamili. Hesabu kabla ya kunifukuza.

#26 MtuWaPangani
Hapa nina maelezo matatu ya kodi moja: hawana mnyororo, wametupiwa vyoo, karani ana cheti. Hapa kwetu choo cha umma hakuna. Karani sijamwona. Na SAA?

#27 Mwanasheria Njaa
Saa ina sheria yake. Sheria ya Mabaraza ya Parishi ya 1957 inawaruhusu kuweka, kutunza na kuwasha taa saa za umma ndani ya parishi, na kuzifunga kwenye jengo lolote. Mnara wa kanisa ndio uliokuwa mrefu kuliko vyote, basi saa ikapanda huko. Kengele ya kanisa ni ya kanisa. Saa inaweza kuwa ya kijiji.

Kwa ujumla hela za baraza na mali za kanisa zina ugomvi mrefu. Ile sheria ya 1894 ilikuwa na maneno yaliyofanya makarani wengi waogope kuchangia hata bati la kanisa. 2023 Bunge likaweka kifungu cha kuwatoa hofu. Na uwanja wa makaburi wa kanisa ukishafungwa rasmi kwa amri ya serikali, kanisa linaweza kulitupia baraza la parishi kazi ya kuutunza, na baraza likiwahi ndani ya miezi mitatu linaweza kuusukumia wilaya. Mpira wa chandimu.

#28 MtuWaPangani
Kwa hiyo nusu yake ni kanisa. Nilisema.

#29 Omusajja wa Jinja
Na sala je? Mimi nilipokwenda kwa mambo ya kuku, walianza kikao kwa sala ya mchungaji.

#30 Mwanasheria Njaa
Hilo lilifika Mahakama Kuu. Bideford, kule Devon, 2012. Diwani mmoja wa zamani asiyeamini Mungu, pamoja na jumuiya ya watetea serikali isiyo na dini, walilishtaki baraza la mji. Jaji akasema sala ikiwa sehemu rasmi ya kikao haina sheria inayoiruhusu. Ona ilivyoamuliwa: haikukatazwa kwa sababu ya haki za binadamu, ilikatazwa kwa sababu hakuna kifungu kinachosema baraza linaweza kusali. Ni kile kile cha #22. Serikali ikaharakisha yale mamlaka ya jumla mwezi huo huo, na 2015 ikaja sheria ya kuruhusu waziwazi, ya dini yoyote. Mleta uzi siku ukiwa diwani unaweza kupendekeza Fatiha.

#31 BibiKaranga
Mnazungumzia vikao vya parishi mpaka #30 na hakuna aliyemtaja Jackie Weaver? Handforth, Cheshire, Desemba 2020, kikao cha Zoom. Mwenyekiti anamwambia yule mama hana mamlaka pale, mama anambofya anatupwa nje. Mwingine anafoka wasome kanuni za kikao, wasome na wazielewe. Naye nje. Video ilisambaa Februari 2021, nchi nzima iko ndani na korona, watu wakacheka mpaka wakalia.

#32 KijiweChaJioni
Yule mama shujaa. Alikuwa na haki zote.

#33 Mwanasheria Njaa
Hapana, na mnisamehe kuwaharibia. Uchunguzi uliotoka baadaye ulisema kisheria hakuwa na mamlaka ya kuwatoa, ingawa ulielewa kwa nini alifanya vile kutokana na hali ilivyokuwa. Alikuwa ofisa wa chama cha mabaraza ya mkoa ule, aliyekuja kusaidia. Yule mfokaji kwenye hoja ya mamlaka hakukosea sana. Alikosea sauti.

#34 NesiWaKisii
Baada ya ile video kila kikao chetu kuna mtu anasema "huna mamlaka hapa". Hata kwenye pipa. Tena Zoom yenyewe ilikufa Mei 2021, ruhusa ya korona ilipokwisha. Sasa lazima mwili uwe ukumbini, na koti.

#35 BibiKaranga
Nesi, umetaja vishamba mwanzoni. Mimi nipo Buckinghamshire, nina kimoja, mchicha na maboga, mahindi yalinishinda. Nilisubiri miaka minne. Ni kweli wapiga kura kumi wakiandika barua baraza linalazimika kutafuta shamba jingine?

#36 NesiWaKisii
Sita, si kumi. Sheria ile ya 1908. Sita wakiandika, baraza lazima lilifikirie ombi, na likiona uhitaji upo ni wajibu wake kutoa. Hatujibu kwa kupenda. Kumi ni kwa jambo lingine: kiti kikiachwa wazi katikati ya muhula, wapiga kura kumi wakidai ndani ya siku 14 za kazi, uchaguzi lazima ufanyike badala ya kuteuana. Na gharama ya uchaguzi huo inarudi kwenye mstari wa mleta uzi.

#37 Mwanasheria Njaa
Sita pia wanatosha kuitisha mkutano wa parishi, yaani wa wanakijiji wote, sio wa madiwani. Humo kila aliye kwenye daftari ana sauti na kura. Wakiwa humo, watu kumi au theluthi moja ya waliohudhuria, idadi iliyo ndogo, wanaweza kudai jambo lipigiwe kura ya kijiji kizima, vituo vinafunguliwa saa kumi jioni mpaka saa tatu usiku. Matokeo hayamfungi mtu lakini yanawasha masikio.

Mkutano mmoja wa namna hiyo ni lazima kila mwaka, kati ya Machi 1 na Juni 1. MtuWaPangani, tafuta ubao wa matangazo.

#38 MtuWaPangani
Ubao upo karibu na posta, una kioo chenye ukungu. Nimekwenda na tochi ya simu. Mkutano Alhamisi wiki ijayo. Wamebandika leo Jumatatu.

#39 Sokwe Mjanja
Vaa koti.

#40 MtuWaPangani
Wakuu, nimerudi. Naandika kabla sijalala, maana kesho nina safari ya Felixstowe.

Tulikuwa watu kumi na mmoja, madiwani saba ndani yake. Wastani wa umri ni wa marehemu babu. Nikapewa chai na biskuti kabla sijasema jina. Karani yupo, mama mmoja mwembamba mwenye faili la kijani; kumbe anahudumia parishi tatu.

Nikauliza saa. Ukumbi ukavuma kama nyuki. Mwenyekiti anasema fundi alikuja, akasema njiwa wamejenga ndani. Mama wa kanisa anasema si njiwa, ni ngazi za mnara zimeoza na bima hairuhusu fundi kupanda. Mzee wa nyuma anasema saa haina ubaya wowote, ilisimamishwa makusudi baada ya waliohamia karibuni kulalamikia mlio usiku, na anajua ni nani, akamtazama mtu. Karani akafungua faili akasema kisheria hajaona karatasi inayoonyesha kwamba saa ni ya baraza. Walikuwa wanaitunza tu tangu enzi za karani wa kabla ya aliyemtangulia.

Na pauni 94? Sehemu kubwa ni deni. Walikopa kujenga upya paa la ukumbi. Hakuna kati yenu aliyelitaja hilo.

#41 BibiKaranga
Walikopa? Lazima walipata kibali cha serikali kuu, parishi haikopi bila hicho. Omba vitabu. Kila mwaka kuna siku 30 za kazi ambazo mwananchi anaruhusiwa kukagua hesabu na risiti zao, na siku kumi za kwanza za kazi za Julai lazima ziwemo.

#42 MtuWaPangani
Karani kanipa tarehe mwenyewe kabla sijauliza.

#43 KijiweChaJioni
Kwa hiyo ni zaka au si zaka?

#44 MtuWaPangani
Kijiwe, lala. Wameunda kikundi cha kufuatilia saa, watu wanne. Walipouliza nani anaweza kuazima lori lenye jukwaa la kunyanyua watu, wote wakageuka kunitazama.

#45 Sokwe Mjanja
Wakikupandisha juu weka saa ya Kiswahili.